Mwembamba, uzito "kawaida", na bado moyo ukamwangusha: uzi kuhusu chakula, kitambi na moyo kwa watu wa Asia

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, vuteni viti.

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya presha na sukari hapa Dar, huu ni mwaka wangu wa tisa. Miaka michache iliyopita alikuja mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, umri miaka 52. Mwembamba, shati limechomekewa vizuri. Nikampandisha kwenye mzani: kilo 64. Urefu mita 1.70. Ukipiga hesabu, BMI yake (kilo ukizigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni 22. Akaniuliza, "Sista, uzito wangu vipi?" Nikamwambia mzuri kabisa, nikaandika "kawaida" kwenye kadi, nikaita anayefuata. Tepu ya kupimia kiuno ilikuwa pale mezani, imejikunja karibu na mkono wangu. Sikuigusa.

Miezi saba baadaye alipata shambulio la moyo akiwa dukani. Mungu mkubwa, alipona. Aliporudi kliniki alikuja na mkewe, yule mama amebeba dawa kwenye kimfuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Akaniangalia, akasema taratibu, "Sista, si ulituambia uzito wake mzuri?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo nikampima kiuno: sentimita 95. Lile shati lilikuwa limeficha kitambi kidogo, kigumu, cha mbele tu, juu ya miguu myembamba kama ya kijana wa sekondari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu miili ya watu wa Asia, chakula chao na mioyo yao. Naweka hapa nilichokielewa.

#2 Mleta uzi

Naanza na picha, kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili wamesimama pamoja. Mmoja ni John Yudkin wa London, mwingine Chittaranjan Yajnik wa Pune, India. Wote wawili BMI yao ni ileile, 22.3. Kwa mzani, hao ni mapacha. Lakini walipopimwa kwa mashine inayotenganisha mafuta na nyama mwilini, Yudkin alikuwa na mafuta asilimia 9.1 na Yajnik asilimia 21.2. Zaidi ya mara mbili, na uzito uleule!

Yule mzee wangu wa vitambaa alikuwa Yajnik. Mimi nilimsoma kama Yudkin.

Mzani unajumlisha kila kitu: mfupa, nyama, maji, mafuta. Hausemi mafuta yamekaa wapi. Na mahali yalipokaa ndiyo habari yenyewe. Mafuta ya chini ya ngozi, ya mapajani na makalioni, hayana madhara makubwa. Yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yanayoharibu kazi ya insulini (homoni inayoshusha sukari), yanayopandisha sukari na mafuta kwenye damu, na mwisho yanaziba mishipa ya moyo. Watafiti wengi wanaeleza hivi: ghala la chini ya ngozi kwa watu wa Asia ya Kusini linajaa mapema, na mzigo unaobaki unapelekwa ndani, tumboni na kwenye ini. Kwa hiyo mtu anaanza kuumia akiwa bado anaonekana mwembamba.

Mwaka huohuo 2004, jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa maoni yao kwenye jarida hilohilo. Mistari ya BMI tuliyofundishwa wote ni 25 kwa uzito uliozidi na 30 kwa unene. Jopo halikuifuta, ila kwa watu wa Asia liliongeza alama za kuanza kuchukua hatua: 23 na 27.5. Walikiri pia kwamba Asia si moja, kwamba hatari inaanza kupanda mahali tofauti kwa watu tofauti, kuanzia 22 hadi 25. China wao wanatumia 24 na 28. Japani wanahesabu unene kuanzia 25.

#3 Mchangiaji

Sista ubarikiwe. Nafuatilia. Swali: huo mwili wa namna hiyo unatokana na nini? Ni chakula au wamezaliwa nao?

#4 Mleta uzi

Mkuu, umegusa penyewe. Yajnik huyohuyo alilifuata swali hilo hadi kwa watoto wachanga.

Mwaka 1993 yeye na wenzake walianza kuwafuatilia wanawake wa vijiji sita karibu na Pune, tangu kabla ya ujauzito. Ni wakulima, wanawake wembamba wanaoshinda shambani. Watoto walipozaliwa wakalinganishwa na watoto wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walikuwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton 3.5. Karibu kilo nzima pungufu. Mtoto wa Pune alikuwa mdogo kila mahali: tumbo, mkono, nyama za mwili. Lakini walipokamata mkunjo wa ngozi ya mgongoni, chini ya bega, kwa kile kifaa kama koleo, wakakuta mafuta yamebaki karibu kama ya mtoto wa Uingereza. Mtoto mwembamba mwenye mafuta, tangu siku ya kwanza.

Mimi nimekaa wodi ya wazazi. Nikisoma hapo namwona kabisa yule mtoto wa kilo mbili na kitu, unamfunga kanga huku unamwombea aongezeke. Na kumbe akiongezeka haraka mno baadaye, kwa soda, vitafunwa vya kukaanga na kukaa kitako, mwili wake umejengwa kuweka akiba tumboni kwanza. Chakula cha mama, mimba, halafu mji na pesa vinakuja juu yake. Kwa hiyo jibu langu ni vyote viwili, kimoja kimepanda mgongoni mwa kingine.

#5 Mchangiaji

Kwa heshima zote dada, mimi naona ni vinasaba tu. Wahindi wana hiyo damu. Hata babu alikuwa anasema Wahindi wa mjini wanakufa kwa moyo.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu, babu aliona sawa. Na hakuwa peke yake. Mwaka 1959 madaktari wawili waliokuwa Kampala, Shaper na Jones, waliandika kwenye The Lancet kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Waafrika wa Uganda ulikuwa karibu haupo, wakati kwa Waasia wa hapohapo lilikuwa tatizo kubwa. Walipima lehemu (kolesteroli) kwenye damu na kuangalia chakula cha pande zote mbili. Yaani swali hili limeanza kuulizwa hapa kwetu Afrika Mashariki, hospitali ya Mulago huko Kampala, kabla ya uhuru.

Baadaye wengi wa Waasia hao walihamia Uingereza, na mwaka 1991 Paul McKeigue na wenzake walipima watu wa Southall, magharibi mwa London. Wakakuta Wahindu wa Gujarat, Masingasinga wa Punjab na Waislamu wote wana picha moja: kitambi, insulini iko juu, sukari iko juu. Dini tofauti, jiko tofauti, kuna wasiogusa nyama kabisa. Hilo lilinishangaza, maana mimi nilidhani asiyekula nyama yuko salama.

Lakini kwenye neno "tu" ndipo ninapokukatalia. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, chini ya Salim Yusuf, ulikusanya watu wa nchi 52 waliopata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza, ukawalinganisha na wasiopata. Mambo tisa yalieleza sehemu kubwa mno ya hatari yote: sigara, lehemu mbaya, presha, kisukari, kitambi, msongo, kutokula matunda na mboga, kutofanya mazoezi, na mambo ya pombe. Walipochambua Asia ya Kusini peke yake, wakaona shambulio la kwanza linakuja kwa wastani wa miaka 53, wakati sehemu nyingine ni karibu 59. Miaka sita mapema. Na sababu kubwa ya kuwahi huko ilikuwa mambo hayahaya tisa kuwapata wakiwa bado vijana. Mengi kati ya hayo yanazuilika. Ukisema damu tu, mtoto wa yule mzee atakaa dukani asubiri zamu yake, na mimi sitaki asubiri.

#7 Mchangiaji

Naomba kuuliza. Wajapani nao ni Waasia, wanakula wali asubuhi mchana jioni, na wanatuongoza dunia nzima kwa kuishi miaka mingi. Hapo inakuwaje?

#8 Mleta uzi

Swali zuri sana hili, na ndilo lililonifanya niache kusema "Waasia" kama kabila moja.

Japani ya miaka ya 1950 ilikuwa inauawa na kiharusi. Hicho ndicho kilikuwa kinaongoza kwa vifo. Kaskazini, mkoa wa Akita, baridi kali, watu wanahifadhi mboga kwa chumvi wapitishie majira ya baridi, supu ya miso (soya iliyochachushwa kwa chumvi) kila mlo, mchuzi wa soya juu. Walikuwa wanakula chumvi zaidi ya gramu 20 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 5. Presha zikawa juu, mishipa ya ubongo ikapasuka. Kisha ikaja kazi ya miaka mingi: kupima presha za watu vijijini, kina mama kufundishana kupunguza chumvi jikoni, majokofu yaliyofanya mboga za chumvi zisiwe lazima tena, na dawa. Vifo vya kiharusi vikashuka vibaya sana kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo hayo maisha marefu mkuu hayakushuka kutoka mbinguni, waliyafanyia kazi. Na bado wanakula chumvi kama gramu 10, mara mbili ya inayoshauriwa.

Sasa moyo. Mwaka 1965 ulianza utafiti unaoitwa Ni-Hon-San. Walichukua wanaume wenye asili ya Kijapani wa sehemu tatu: Hiroshima na Nagasaki, Honolulu kule Hawaii, na San Francisco. Asili moja. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ukapanda kama ngazi: mdogo Japani, wa kati Hawaii, mkubwa California. Vinasaba havibadiliki ukipanda meli. Kinachobadilika ni sahani, kazi, na namna unavyoishi na watu.

Halafu Okinawa, kisiwa kinachosifiwa kwa wazee. Watu wanadhani walikula samaki na wali. Hapana, wazee wale walikulia viazi vitamu! Sehemu kubwa kabisa ya chakula chao mwishoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa viazi vitamu, na mboga, na soya. Kisha kisiwa kikakaa chini ya Wamarekani mpaka 1972, baga na nyama za kopo zikaingia. Hesabu za mwaka 2000 zilipotoka, wanaume wa Okinawa walikuwa wa 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Walishtuka nchi nzima. Inaniuma nikifikiria mtu mwenye miaka 90 anamzika mwanawe wa 60.

Kuhusu wali wenyewe, siwezi kuusafisha. Uchambuzi wa mwaka 2012 kwenye jarida la BMJ uliunganisha tafiti mbalimbali. Kwa Wachina na Wajapani, waliokula wali mweupe kwa wingi kabisa walikuwa na hatari ya kisukari kubwa kwa asilimia 55 hivi kuliko waliokula kidogo kabisa. Mkulima anayeinama kwenye jaruba kutwa nzima anauchoma. Mwenye duka aliyekaa kwenye kiti kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili, hauchomi.

#9 Mchangiaji

Shukran dada, niko Mombasa hapa. Majirani zetu Wahindi na sisi tushachanganya jiko siku nyingi: biriani, samosa, bajia, chapati za samli. Mimi nauliza la jikoni. Kitu gani kimejaribiwa kweli na kikaonekana kinasaidia? Si nadharia.

#10 Mleta uzi

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri mpaka mtu aliulize. Nakuletea matatu.

La kwanza, mafuta. Mauritius, visiwa vya bahari yetu hii, watu wengi wenye asili ya India, na wengine Wakrioli na Wachina. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu, yale ambayo kila nyumba ilikuwa inanunua. Yalikuwa sehemu kubwa mawese, wakayafanya ya soya. Hakuna aliyeombwa kubadilisha mapishi. Kufikia 1992 wastani wa lehemu kwa watu wazima ulishuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita ya damu. Kwa vipimo vya maabara huo ni mshuko mkubwa sana kwa nchi nzima. Lakini katika miaka hiyohiyo unene uliongezeka, kwa hiyo usidhani mafuta peke yake yanamaliza kazi. Na mafuta mgando yaliyogandishwa kiwandani ni mabaya kuliko mawese. India wenyewe waliyazoea sana kama samli ya bei rahisi, na kuanzia 2022 sheria yao hairuhusu mafuta-trans, yale mabaya yanayotokea mafuta yakigandishwa hivyo, kuzidi asilimia 2 ya mafuta ya kupikia.

La pili, chumvi, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. China, vijiji 600, watu 20,995, matokeo yakatoka mwaka 2021. Wengi wao walishapata kiharusi, wengine ni wazee wenye presha. Nusu ya vijiji wakaendelea na chumvi ya kawaida. Nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake imewekwa kloridi ya potasiamu, bure, ya kutosha kupikia nyumba nzima na hata kusindika mboga. Baada ya karibu miaka mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Chumvi tu, wakuu! Sufuria ilelile, mapishi yaleyale. Onyo kutoka kwangu kama muuguzi: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiiguse chumvi ya potasiamu bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo.

La tatu, mwenendo mzima. Mji wa Daqing, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1986. Watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini bado haijawa kisukari. Baadhi wakasaidiwa kwa miaka sita kubadilisha chakula, wengine mazoezi, wengine vyote, na kundi moja likaachwa na huduma ya kawaida. Kisha wakafuatiliwa miaka 30. Waliosaidiwa walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka minne, magonjwa ya moyo na kiharusi yalikuwa pungufu kwa asilimia 26, na waliishi zaidi kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Miaka sita ya kusaidiwa, miaka 30 ya kuvuna.

Samosa zako usizitupe. Zioke, au zikaange kwa mafuta ambayo hayajarudiwa mara tano, na wali upunguze nusu kikombe uongeze dengu na mchicha. Yule mama wa kimfuko ndivyo anavyofanya. Juzi ameniambia chapati sasa anasukuma ya unga usiokobolewa, ndogo, na samli anapaka upande mmoja tu.

#11 Mchangiaji

Haya yote ni ya Waasia. Sisi Waafrika mstari wetu ni upi?

#12 Mleta uzi

Mkuu, hapa napaumia.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipoweka mistari ya kiuno mwaka 2005, Mchina na mtu wa Asia ya Kusini walipata yao: mwanaume sentimita 90, mwanamke 80. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara wakaandika kwamba watumie ya Wazungu, 94 na 80, mpaka takwimu zao zipatikane. Mstari wa kuazima.

Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walichambua rekodi za watu zaidi ya milioni moja na laki nne. Wakauliza: Mzungu mwenye BMI 30 ana hatari fulani ya kisukari. Mtu wa asili nyingine anaifikia hatari hiyohiyo akiwa na BMI ngapi? Asia ya Kusini, 23.9. Waarabu, 26.6. Wachina, 26.9. Weusi, 28.1. Lakini hao ni weusi wa Uingereza, si mama ntilie wa Tandale wala mvuvi wa Kigoma. Yajnik hakukubali mwili wa mtu wa Pune usomwe kwa kitabu cha London, akaenda vijijini na kifaa chake cha kukamata ngozi. Natamani sana kuona vijiji sita vya kwetu vinafuatiliwa hivyo, tangu mimba mpaka utu uzima.

#13 Mchangiaji

Nimeacha kusoma nikachukua futi kamba ya mke wangu, yeye ni fundi cherehani. Kiuno 98. Uzito wangu 71, urefu 1.74. Nina miaka 44 na siku zote najihesabu mwembamba. Nimepima usawa wa mkanda. Ni sahihi?

#14 Mleta uzi

Si sahihi, ndugu yangu, mkanda unakaa chini ya kitambi. Vua shati. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho kwa pembeni, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo futi kamba inapopita, ilale sawa mbele na nyuma, isibane. Pumua, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani, ndipo usome. Rudia mara mbili, na ikiwezekana asubuhi kabla ya kula.

Ikibaki juu ya 94, usingoje dalili. Nenda kituo chochote cha afya cha karibu, uombe presha, sukari kabla ya kula, na kipimo cha lehemu. Waambie pia kama kuna mtu wa damu yako aliyepata kiharusi au moyo kabla ya miaka 60. Na nesi akikushusha kwenye mzani akaandika "kawaida" akaanza kuita anayefuata, usiondoke. Mwombe akupime kiuno.

#15 Mchangiaji

Nimerudia kama ulivyosema. 99. Jumamosi saa moja asubuhi niko foleni, na mke wangu amesema anakuja kupimwa pia.